Haragwe la Sita

Watu wa Kavunge hawahesabiwi ovyo. Mji wenyewe ni mdogo, umekaa ukingoni mwa Ruzizi pale mto unapopinda kabla ya kulitafuta ziwa, na mtu wa baiskeli anayetoka Uvira kwenda Bwegera huumaliza kabla hajamaliza kupiga mluzi wimbo mmoja. Udogo huo, hata hivyo, haukuwapa watu ruhusa ya kujitaja idadi. Muulize mama yeyote wa pale ana watoto wangapi, atakujibu, "Niko nabo," halafu atakuuliza kama umekula. Kifo, walisema, hakijui kusoma, lakini masikio kinayo.

Kulikuwa na siku moja tu ya kuhesabu, nayo ni siku ya mfereji. Kila mwaka kabla ya kupanda mpunga, mfereji wa maji husafishwa na mji mzima, na ili kazi igawanywe kwa haki lazima ijulikane watu wako wangapi. Basi kila nyumba huleta maharagwe yaliyofungwa katika jani la mgomba, haragwe moja kwa kila roho inayolala chini ya paa lile. Yote humwagwa katika kikapu kimoja chenye kifuniko, yakachanganywa, kapita, msimamizi wa mji, akayahesabu kwa jumla, kimya kimya, na jioni ile ile yakapikwa katika chungu kimoja na mji mzima ukala. Hesabu huliwa, haiwekwi. Na kumnyima mtu aliye hai haragwe lake ni kumchimbia kaburi; hata mgonjwa asiyejitambua hutiwa lake, hata mwizi.

Mwalimu Thaddée aliyajua haya yote. Alizaliwa pale pale, na mama yake alimtilia haragwe kabla hajaota jino. Kwa hiyo tusije tukasema baadaye kwamba hakujua.

Alifundisha darasa la nne. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hata siku ya matope, na mfukoni alichomeka kalamu mbili, moja ya kuandikia na moja ya kuonekana. Kosa lake lilianzia dukani kwa Mhindi. Bwana Jivraj alikuwa ameuza vitenge na chumvi hapo Kavunge kwa miaka thelathini, lakini kwao hasa kulikuwa mji mdogo kando ya mto, kule Gujarati, na chini ya meza ya duka alitunza kijitabu cha mji huo. Ndani yake kuliandikwa nani aliuanzisha, mafuriko yaliubomoa mara ngapi, hekalu liko wapi na msikiti uko wapi, wafinyanzi wanakaa upande gani, na mwishoni idadi ya watu, mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba. Siku ambazo wateja walikuwa haba alimsomea Thaddée, akitafsiri kwa kidole.

"Watu elfu tatu mia mbili na kumi na nane," alisema, "na baba yangu ni mmoja wao. Nikifika ukurasa huu namwona amekaa mlangoni. Mwalimu, mji bila kitabu ni kambi tu."

Neno hilo lilimkwama Thaddée kama mwiba wa samaki. Ulikuwa mwaka wa sitini, uhuru umeingia juzi tu, Wabelgiji wa pamba wameondoka na kuliacha ghala lao wazi, na kila mtu alikuwa akitafuta kitu ambacho sasa kitakuwa chake. Thaddée alichagua kitabu. Alinunua daftari jeusi lenye jalada gumu, akaandika kwa miaka minne. Aliandika habari za mvuvi aliyefunga mtumbwi wake hapo kabla ya mtu mwingine yeyote, za mafuriko yaliyochukua kanisa la kwanza, za viboko vya pamba. Aliandika jinsi wakimbizi wa Rwanda walivyofika na mikeka vichwani, na kati yao Kankindi, mjane mfinyanzi, aliyejenga ukuta kwa ukuta na nyumba ya Émérance. Kilibaki kipande kimoja tu. Kitabu cha Jivraj kilikuwa na idadi ya watu nyumba kwa nyumba, na cha Thaddée hakikuwa nayo.

Mwaka wa sitini na nne milima ilianza kuwaka. Vituo vya polisi huko juu vilichomwa na waasi kimoja baada ya kingine, na habari zilishuka bondeni pamoja na watu waliokuwa wakikimbia. Jivraj alifunga duka lake avuke kwenda Bujumbura. Asubuhi ya kuondoka alimshika Thaddée mkono.

"Maliza kitabu, Mwalimu. Mji ukitawanyika kabla ya kuhesabiwa, utajuaje nani hayupo?"

Siku tatu baadaye ikawa siku ya mfereji. Félicien, kapita wa mji, macho yalikuwa yameanza kumchuja, naye akamwomba Thaddée apokee mafurushi kwa niaba yake. Hapo ndipo shetani alipovuta kiti. Thaddée alikaa darasani, mlango ameufunga, akawa anapokea furushi moja moja kupitia dirishani. Kila alipopokea aligeuka, akalifungua juu ya dawati, akahesabu, akaandika jina la mwenye nyumba na idadi, kisha ndipo akamwaga kikapuni. Nyumba sitini na tatu. Hakuna aliyeona. Maharagwe yalipikwa, yakaliwa, na Thaddée naye akala, tena akaongeza.

Furushi la Émérance lilikuwa na maharagwe sita. Thaddée aliyarudia mara mbili. Émérance aliishi na mama yake mzee na watoto watatu. Hao ni watano hata kwa asiyejua kuhesabu. Wanawake wa Kavunge hawakosei maharagwe, kwa hiyo kulikuwa na mtu. Nani, Thaddée hakujua, na hakuuliza. Aliandika sita, akapiga mstari chini yake, na akasikia furaha ya mtu aliyegundua jambo ambalo mji mzima haulijui. Furaha, ndiyo. Ndiyo iliyomtafuna baadaye kuliko yote.

Waasi waliingia mwezi wa tano bila kufyatua hata risasi moja. Waliwapanga watu nyumba kwa nyumba mbele ya duka lililofungwa, wakawamwagia maji ya dawa ili risasi za serikali zisiwadhuru, na siku ile hawakumgusa mtu. Wengi wao walikuwa vijana wa bonde lile lile. Kesho yake komanda wao, aliyevaa saa mbili katika mkono mmoja, alisikia kwamba mji una mwalimu mwenye kitabu. Akaagiza aletwe.

Thaddée aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Kwingineko watu walikuwa wakiuawa kwa sababu ya kujua kuandika tu. Alifika dukani kwa Jivraj, komanda alipofanya makao, kalamu zote mbili amezificha ndani ya soksi. Lakini komanda alimpa kiti.

"Soma, Mwalimu," alisema. "Minye nilifika darasa ya tatu tu. Nasikia weye uliandika mambo ya muji yenu."

Thaddée akasoma. Alisoma habari za mvuvi, komanda akatabasamu. Alisoma za viboko vya pamba, komanda akapiga paja na kuwaambia wenzake, "Musikilize! Bazungu habakutuandikia hii." Hofu ikamtoka Thaddée, na palipotoka hofu pakaingia kitu kibaya zaidi. Kwa miaka minne hakuna mtu aliyesikiliza kitabu chake. Mke wake mwenyewe, Georgette, alisinzia kwenye ukurasa wa pili. Sasa watu wenye bunduki walikuwa wameinama mbele kama watoto, na alipofika mwisho wa historia hakuweza kunyamaza. Hakuna aliyemwomba idadi ya watu. Alifungua mwenyewe.

"Nyumba ya Félicien, kapita: tisa. Nyumba ya Kankindi: mmoja. Nyumba ya Émérance: sita."

Mpiganaji mmoja, yule aliyebeba ndoo ya dawa jana yake, akainua kichwa. "Nyumba ya mama Émérance? Pale tulimwangia bantu batano. Minye mwenyewe niliwamwangia."

Komanda hakukasirika. Alimgeukia Thaddée, karibu kwa upole. "Basi kitabu yako iko na makosa, Mwalimu."

Njia ilikuwa wazi, pana kama barabara ya Uvira. Neno moja tu lilitakiwa: nilikosea. Komanda angecheka, wangefungua ukurasa mwingine, na mambo yangeishia hapo.

"Hapana, komanda," Thaddée akasema. "Kitabu hiki hakina makosa. Nilihesabu mwenyewe."

Alilisema haraka, jinsi alivyozoea kumsahihisha mtoto ubaoni, na lilipokwisha kutoka alitamani kulimeza. Mpiganaji wa ndoo alikuwa ameshasimama.

Wapiganaji walimtoa mtu wa sita katika ghala la mpunga nyuma ya nyumba ya Émérance. Alikuwa Damien, mdogo wake Émérance, polisi wa kituo cha huko juu karibu na Rurambo, aliyevua sare kituo kilipochomwa na kushuka kwa miguu siku tatu hadi kwa dada yake. Kama aliwahi kumwonea mtu, hakuna aliyesema, na hakuna aliyeuliza; alikuwa polisi, ikatosha. Walimpeleka mtoni mchana kweupe. Thaddée bado alikuwa kwenye kile kiti, daftari mapajani, aliposikia risasi tatu. Akakumbuka kwamba Damien alikuwa mwanafunzi wake, na kwamba kwa mwaka mzima herufi D ya jina lake aliiandika imegeuka nyuma.

Émérance alilia siku nne. Siku ya tano alianza kuuliza. Nani alijua? Ghala lile liliegemea ukuta wa Kankindi. Tena Kankindi alionekana akiwapa maji ya kunywa wapiganaji wawili. Alikuwa mgeni, peke yake, hana kaka wala shemeji wa kupaza sauti kwa ajili yake, na mnyonge hana haki. Hakuna aliyemshtaki mbele ya mtu. Watu waliacha tu kwenda kuomba moto kwake, wakaacha kununua vyungu vyake, na asubuhi moja vyungu vyote alivyovianika vilikutwa vimevunjwa. Thaddée alipita njiani, akaviona vile vigae, akamwona Kankindi akiviokota kimoja kimoja katika khanga.

"Pole," akamwambia.

Pole! Alikuwa na neno moja la kumwokoa mwanamke yule, naye akatoa jingine. Usiku hakulala, hilo tumpe. Lakini kukosa usingizi hakukumrudishia Kankindi hata chungu kimoja.

Baadaye askari wa serikali walirudi na ndege zao, na Kavunge yote ikavuka mto kuingia Burundi. Huko Bujumbura Thaddée alikutana na Jivraj, amezeeka, anauza vifungo na uzi kwenye kibanda.

"Kitabu umekimaliza?" Jivraj aliuliza hata kabla ya salamu.

"Kilipotea mtoni, Bwana Jivraj."

Kilikuwa ndani ya shati lake, kimemkaa tumboni. Mzee alilengwalengwa na machozi, akampa daftari jipya bila kutaka kitu, na Thaddée akalipokea kwa mikono miwili kama mtu mwema.

Mara mbili alijaribu kulichoma lile la zamani. Mara zote mbili alifungua kwanza, akawaona wote wako majumbani mwao: watoto waliokufa kwa surua kambini, wazee waliozikwa ugenini, na Damien, asiye na jina, ndani ya tarakimu ile yenye mstari chini. Akalirudisha tumboni. Wala asingeweza kusema kama ni huruma au ni majivuno yale yale ya zamani.

Mwaka wa sitini na sita watu walirudi. Kankindi naye alirudi kwenye upande wake wa ukuta, kwa kuwa hakuwa na kwingine. Mfereji ulikuwa umejaa mchanga na matete, mpunga haungesubiri, na Félicien, sasa kipofu kabisa, akatangaza siku ya maharagwe, ya kwanza tangu vita. Safari hii alikaa mwenyewe nje ya shule, kikapu kati ya magoti, na kila mwanamke alikuja akamwaga mbele ya wote. Émérance alipomaliza kumwaga yake alibaki amesimama pale pale. Kankindi alipofika na jani lake dogo, Émérance aliweka kiganja juu ya kikapu.

"Ya huyu haitaingia," alisema. "Haiwezi kupikwa chungu moja na ya batoto bangu. Aliuza ndugu yangu."

Watu walitazama chini. Félicien aligeuza uso wake huku na huku, akitafuta sauti. "Nani iko na neno?" akauliza. "Kama hakuna muntu iko na neno, minye siwezi kufungua kikapu kwa nguvu."

Kankindi hakulia. "Minye sikusema kitu kwa muntu," alisema. "Nilibapa maji tu. Mukininyima haragwe, mumenizika, na mushimo ingine ya kwenda sina." Akaanza kulifunga tena lile jani, polepole, kama mtu anayetaka azuiwe.

Thaddée alikuwa amesimama kando ya Georgette, nyuma ya watu. Miaka miwili alijiambia kwamba atasema siku ikifika, na kila siku iliyofika aliona si yenyewe. Sasa miguu yake ilimtoa mbele kabla hajakubaliana nayo. Alitoa daftari ndani ya shati, akalifungua pale ambapo lilijifungua lenyewe, akasoma kwa sauti.

"Nyumba ya Kankindi: mmoja. Nyumba ya Émérance: sita."

Watu wakajaribu kuelewa jinsi nyumba zao zilivyoingia katika karatasi. Kiswahili chake cha ubaoni kikamkimbia.

"Ni minye," alisema. "Mwaka ule nilihesabu maharagwe yenu nyumba kwa nyumba, mbele ya kuyachanganya. Nikayaandika. Nikayasoma mbele ya komanda. Kankindi hakusema kitu. Hata hakujua."

Émérance alimtazama kana kwamba anamwona kutoka ng'ambo ya mto. "Balikushikia bunduki?"

"Hapana. Balinipa kiti. Komanda aliniambia kitabu iko na makosa. Ningesema ndiyo, ingeisha. Nilikataa."

"Juu ya nini, Mwalimu?"

Alitafuta jibu jingine. Alikuwa amelitafuta miaka miwili.

"Juu kitabu haikuwa na makosa," akasema.

Hakuna aliyempiga. Alikuwa ameota mara nyingi kwamba watampiga, na katika ndoto ilikuwa nafuu. Émérance aliondoa kiganja juu ya kikapu. Alichukua jani mikononi mwa Kankindi, akalifungua, akalitia haragwe lile moja kikapuni kwa vidole viwili, taratibu. Hakuweza kuomba msamaha. Aliushika mkono wa Kankindi tu, na Kankindi, ambaye angeweza kuunyofoa, aliuacha ushikwe.

Kisha Émérance akamwendea Georgette na kumwomba furushi lake. Georgette alimpa. Yalikuwamo maharagwe sita: la Georgette, ya watoto wanne, na la baba yao. Émérance alimwaga matano. La sita alilitia katika kiganja cha Thaddée, akavikunja vidole vyake juu yake kimoja kimoja, jinsi mtoto anavyofundishwa kushika kitu asikiangushe.

"Ya Damien niliitia mu kikapu juu alikuwa muzima," alisema. "Weye ukaitoa ukaiweka. Na hii yako iweke. Weye ndiye unajua kuweka."

Georgette alikuwa amewavuta watoto karibu naye, na hakutazama upande ule. Félicien aliingiza mikono kikapuni, akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza bila sauti. Alipomaliza aliitikia kwa kichwa kwamba idadi imetimia, na wanawake wakakiweka chungu motoni.